Lupanga kwa siku moja, watu 12, wengi wageni wa milima: mwongozaji anatosha au tutafute na mlezi?

TembeaMdogomdogo

Habari za majukumu wakuu.

Tupo 12, watu wa ofisini hapa Dar, umri kuanzia 26 hadi 51. Wawili tu ndio wamewahi kupanda mlima wa maana. Tunataka kupanda Lupanga, pale Uluguru juu ya mji wa Morogoro, Jumamosi moja katikati ya Julai, kupanda na kushuka siku hiyohiyo. Mpango ulivyo sasa: treni ya SGR ya asubuhi kutoka Dar, bodaboda hadi vijiji vya juu, mwongozaji mmoja wa hukohuko, halafu treni ya usiku kurudi.

Mwaka jana mwezi wa sita kundi jingine la kazini lilienda na mpango kama huu. Lilikatika vipande vitatu, wa mwisho wakatoka msituni saa 2 usiku kwa tochi za simu, na watatu walishindwa kushuka ngazi kwa siku nne. Hakuna aliyevunjika, ila nusu yao wameapa hawarudi.

Naomba kujua:
1. Kwenye muda tunakosea wapi?
2. Mwongozaji mmoja kwa watu 12 anatosha? Kuna anayeshauri tupate pia "mlezi", mzoefu wa kutuandaa wiki kadhaa kabla na kutembea nasi siku yenyewe. Ni kitu cha kweli au mbwembwe?
3. Miguu ya mtu anayekaa kwenye kiti saa nane kwa siku inaandaliwaje?
4. Viatu. Bajeti ni ya mitumba, tusidanganyane.

MizaniYaMlima

Mkuu, kosa la kwanza ni hiyo treni. Safari yenyewe ni karibu saa mbili, stesheni iko nje ya mji upande wa Kihonda, bado hamjasubiriana, hamjanywa chai, hamjanunua maji, hamjapatana na bodaboda 12. Mtakanyaga njia saa 4 asubuhi. Laleni Morogoro Ijumaa.

Sasa hesabu. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Lupanga ni takriban mita 2,140. Hata bodaboda zikiwafikisha mwisho wa njia inayopitika, chukulieni mmebakiwa na mita 1,400 za kupanda kwa miguu. Ghorofa moja ni kama mita 3, kwa hiyo hiyo ni ngazi ya ghorofa zaidi ya 460, yenye matope na mizizi, na hakuna reli ya kushika.

Wageni wenye mabegi mgongoni hupanda kama mita 300 kwa saa, na kundi huenda kwa mwendo wa aliye taratibu kuliko wote, si kwa wastani. Mita 1,400 kwa mwendo huo ni saa 4 na dakika 40. Weka saa nzima ya kupumzika na kula. Jumla saa 5 na dakika 40.

Kushuka ndiko wengi wanakojidanganya, wanaweka nusu ya muda wa kupanda. Kwenye lami sawa. Kwenye udongo mwekundu wenye unyevu na mizizi inayoteleza, mgeni aliyechoka hashuki zaidi ya mita 400 kwa saa. Hapo ni saa 3 na nusu, ongeza nusu saa ya kupumzisha magoti: saa 4.

Sasa wekeni hesabu hiyo kwenye safari ya wenzenu. Kuanza saa 4 asubuhi, kileleni saa 9 na dakika 40 alasiri, dakika 20 za picha, kushuka saa 10. Mnatoka saa 2 usiku. Ndiyo saa ileile uliyoitaja. Mlima haukuwafanyia visa, uliwalipa walichopanga.

Mkianza saa 12 asubuhi mnafika kabla ya saa 6 mchana. Julai jua linazama karibu saa 12 na nusu jioni, lakini chini ya miti giza huingia nusu saa mapema. Kwa hiyo saa ya kugeuka ni saa 7 kamili mchana, hata kama kilele mnakigusa kwa fimbo. Saa 7 ongeza saa 4 ni saa 11 jioni, na mna saa moja ya akiba kwa mguu ulioteguka au njia iliyopotea. Saa hiyo ipangwe usiku wa Ijumaa mkiwa mmekaa na mmeshiba, kila mtu aitamke kwa kinywa chake. Mkiwa mita 2,000 huku zimebaki 140, hakuna mtu mwenye akili timamu ya kupanga, kila mmoja anataka kufika.

Na mjue kabisa: juu kule ni msitu, mara nyingi na ukungu. Anayepanda kwa ajili ya mandhari ataona miti. Mandhari ya mji na bwawa la Mindu yako chini, kwenye mashamba kabla ya msitu. Pigeni picha pale asubuhi.

Kibali: Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na ofisi za serikali zinafanya kazi saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kundi linalofika Ijumaa usiku halipati kibali cha Jumamosi. Mmoja wenu atangulie.

MamaWaVilima

Mdogo wangu, hapo kwenye swali la pili ndipo pa kukaa.

Mwongozaji anaijua njia. Mlezi anawajua ninyi. Hizo ni kazi mbili. Mwongozaji wa kijijini anajua mti ulioangukia njia wiki iliyopita, anajua kijito kipi kinajaa mvua ikinyesha juu, anajua ukungu wa saa 4 unaopita na ule usiopita. Lakini amekutana nanyi asubuhi hiyo. Hajui kwamba yule mrefu mchangamfu akianza kunyamaza ndiyo ameishiwa, wala kwamba yule dada hanywi maji kwa sababu hajui atakojoa wapi.

Hilo la maji msilipuuze, linavunja watu zaidi ya mteremko. Kwenye kundi mchanganyiko wanawake wengi hujinyima maji toka asubuhi, saa 5 kichwa kinauma, saa 7 misuli inakaza. Mlezi anaipanga mapema: kila saa moja kituo, wanawake wanabaki nyuma, wanaume wanatangulia hadi kona inayofuata, kanga moja ya kujisitiri iko kwenye begi la mtu anayejulikana, karatasi zinarudi mjini kwenye mfuko. Ikitangazwa kama ratiba, hakuna anayeona haya.

Kwa watu 12, mwongozaji mmoja hatoshi. Akiwa mbele, nyuma hakuna mtu. Akirudi nyuma, wenye nguvu wanafika njia panda na kuchagua wenyewe. Ndivyo kundi linavyokatika vipande vitatu. Chukueni waongozaji wawili, mlezi mmoja, na wale wenu wawili wenye uzoefu wapewe kazi za kueleweka. Mmoja akae katikati. Mwingine awe mfunga safu: hampiti mtu yeyote, hata mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu. Yeye ndiye anabeba dawa za huduma ya kwanza, taa ya ziada na maji ya ziada, kwa sababu anayezihitaji siku zote anapatikana nyuma. Msimpe kazi hiyo mwenye mapafu makubwa, mpeni mwenye subira.

Kanuni ya njia panda ni moja: unapogeuka, hakikisha aliye nyuma yako amekuona ukigeuka. Hujamwona, unasimama. Na njia panda nyingi haziko msituni, ziko mashambani, vijia vya kwenda kwenye migomba na mabonde ya mboga. Watu wengi hupotelea pale wakati wa kurudi, miguu imechoka na njia ina sura nyingine ukiitazama kutoka juu. Asubuhi, kila tawi la njia, kila mmoja ageuke nyuma na atazame itakavyoonekana jioni.

Kazi ya mlezi inaanza wiki sita kabla. Awatoe mara tatu. Mara ya kwanza vilima vya Pugu, saa tatu tu, bila kilele chochote, aone nani anatembeaje. Mara ya pili na mabegi yenye uzito kamili. Mara ya tatu aache ninyi mpange, yeye afuate. Siku ya Lupanga yeye hatembei wa mbele. Anatembea wa pili. Mbele anakaa mwanafunzi, mnabadilishana kila saa, na kabla ya kila kipande aliye mbele anasema kwa sauti: tunapanda mita ngapi, itachukua muda gani, tutasimama wapi. Saa ikiisha mnalinganisha. Mkisema saa moja ikawa saa moja na nusu, tayari mmejifunza kuhusu kundi lenu jambo ambalo hakuna kitabu kingewaambia.

Mlezi mzuri anawaachia mkosee panapostahili. Mkishika kijia cha shamba kisicho chenyewe kwenye mwanga wa saa 1 asubuhi, anaweza kukaa kimya dakika tano hadi mtu aseme "jamani, mbona tunashuka?" Kwenye mwamba wenye maji hakai kimya. Anapima kosa litagharimu nini.

Mtambueni mlezi mbaya kwa maneno mawili: "bado kidogo." Ukimuuliza saa 3, bado kidogo. Saa 5, bado kidogo. Anadhani anatia moyo, kumbe anawaibia uamuzi. Mtu aliyeambiwa bado kidogo anamaliza maji yake, anaongeza mwendo, anakula akiba yote ya nguvu, halafu kinatokea kilima kingine. Jibu la mlezi ni "mita 400 za kupanda, kwa mwendo huu ni saa moja na dakika 20, maji yako yamebaki kiasi gani?"

Na msimchague mkuu wa idara yenu awe mlezi hata kama amepanda milima yote ya nchi hii. Hakuna atakayemwambia bosi "nimechoka, turudi." Hata huku kwetu pwani mwali hafundwi na mama mzazi, anaitiwa somo, mama wa nje wa kumfunda. Wazee walijua kuna mambo hayasemeki kwa mtu anayekushika kwingine.

KichwaNgumu79

Naomba kupinga kidogo. Mlezi anaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa naye.

Moja, wazoefu wengi wa mjini uzoefu wao ni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: njia pana, vibanda vya kulala, mpagazi amebeba begi, mpishi anasubiri. Kule adui ni kimo na hewa nyepesi. Lupanga haifiki hata mita 2,500, ugonjwa wa kimo si hoja. Ukihema kama mvukuto ni mazoezi huna. Adui hapa ni mteremko mkali, utelezi na muda. Mtu mwenye cheti cha Uhuru ambaye hajawahi kushuka kwenye mizizi yenye maji atawapa ushauri wa mlima mwingine.

Mbili, likishakuwepo jina la "mzoefu", watu wote 12 wanafunga macho. Hakuna anayetazama saa, hakuna anayekumbuka njia. Akikosea yeye, wamekosea wote.

Waongozaji wawili wa kijijini, basi. Hela ya mlezi nunueni taa za kichwa.

MamaWaVilima

Kaka KichwaNgumu, la kwanza nakupa lote. Mlezi awe amepanda milima ya misitu yenye unyevu, Uluguru yenyewe au Usambara, na awe ameshuka Lupanga angalau mara moja kwa miguu yake. Asipokuwa nayo hiyo, hapana.

La pili ni ugonjwa wa kweli, ila dawa yake si kumwondoa. Dawa ni kugawa mamlaka kabla ya kuondoka. Kuhusu njia, mito na hali ya hewa, neno la mwongozaji wa kijijini linapita la mlezi. Kuhusu hali ya watu, neno la mlezi linapita la mwongozaji, maana mwongozaji anataka mfike, ndiyo sifa yake. Kuhusu kurudi, neno la yeyote linatosha. Wakitofautiana wawili, mmoja anasema twende na mwingine turudi, mnarudi. Halipigiwi kura. Na ndiyo maana nasisitiza mwanafunzi akae mbele na kutamka hesabu: hawezi kufunga macho aliye mbele.

Taa za kichwa mnazihitaji pia, si moja badala ya nyingine.

FundiSoli

Nijibu la viatu, mengine mmeshayamaliza.

Mitumba ni sawa kabisa, soko la Karume mtapata buti nzuri. Ila kuna mtego. Buti nyingi za mlima zina tabaka la povu kati ya soli ya chini na ngozi. Povu hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa, miaka ikipita linakuwa kama mkate uliokauka. Kwa nje kiatu kinang'aa, ukipanda nacho soli inabaki kwenye matope. Namna ya kukagua: bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya dole gumba. Ikirudi haraka, nzima. Ikibaki na alama, ikitoa unga au ikionyesha mistari ya nyufa, rudisha hata kama ni bei ya bure. Halafu kunja kiatu kwa nguvu mbele na nyuma mara kumi ukisikiliza. Kikilia kama karatasi, acha.

Kikipita mtihani, mpelekee fundi akushonee soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, asipake gundi tu. Gundi ya barabarani inaachia ikilowa mchana kutwa.

Meno ya soli yawe na kina cha milimita 4 au 5 na yawe yameachana, udongo upate pa kutokea. Meno yaliyobanana yanajaa udongo mwekundu ndani ya hatua ishirini na unabaki unatembea juu ya sahani. Raba za mazoezi zenye soli bapa zinafaa lami tu. Kama hakuna kabisa, afadhali buti za mpira za shambani na soksi mbili nene kuliko raba ya fasheni. Wakulima wa kule wanapanda na kushuka nazo kila siku.

Ukubwa: vaa na soksi utakazopandia, sogeza mguu mbele hadi vidole viguse, nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Kisipoingia, wakati wa kushuka kucha zitagonga mbele maelfu ya mara na zitakuwa nyeusi. Kata kucha siku mbili au tatu kabla, sawasawa, usizungushe pembe. Kamba: kupanda legeza kidogo kwenye kifundo, kushuka kaza sana kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele. Dakika mbili kileleni za kufunga kamba upya zinaokoa kucha kumi.

Tembea na vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, urefu wa mkono. Soli ikifunguka unaifunga juu chini na unafika nyumbani. Ni kitu cha bure kwa fundi baiskeli yeyote.

NgaziZote

La miguu. Wale watatu walioshindwa kushuka ngazi hawakuumizwa na kupanda. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inarefuka huku ikifunga breki, na kazi hiyo ndiyo inayochanachana nyuzi za msuli. Maumivu yanakuwa makali zaidi siku ya pili. Kukimbia ufukweni hakusaidii hapo, wala baiskeli.

Mna wiki sita, tafuteni jengo refu lenye ngazi. Wiki ya kwanza ghorofa 30 kwa mkupuo, mara tatu kwa wiki. Ongezeni 10 au 15 kila wiki hadi mfike 60 au 75 kwa siku moja ya wikiendi ya wiki ya nne, hiyo ni mita 180 hadi 225. Jambo la lazima: shukeni kwa miguu. Watu wanapanda ngazi wanashuka kwa lifti, wanafanya nusu isiyo na kazi. Shukeni taratibu, goti limekunjwa kidogo, bila kudundia kisigino. Kuanzia wiki ya tatu beba begi la kilo 6 au 7, ndio uzito halisi wa maji, chakula na nguo.

Mazoezi makali ya kushuka ya mwisho yawe siku 10 hadi 14 kabla ya safari. Msuli uliokwisha kuumia kidogo na kupona unajikinga kwa wiki kadhaa, lakini ukiuumiza Jumatano unapanda nao Jumamosi ukiwa mgonjwa.

Fimbo: moja kwa kila mtu, mbili kwa mwenye magoti mabovu. Urefu ni pale kiwiko kinapokunjika pembe mraba ukiishika. Kushuka, fimbo inatangulia, mguu unafuata. Msikate miti hifadhini, nunueni mianzi mjini.

TembeaMdogomdogo

Nashukuru sana wakuu, na wewe dada MamaWaVilima. Mpango mpya: kulala Moro Ijumaa, mmoja anatangulia Alhamisi kwa ajili ya kibali, kuanza saa 12 asubuhi, kugeuka saa 7, waongozaji wawili, mlezi mmoja, tunaanza ngazi Jumatatu.

Mawili yaliyobaki. Maji na chakula kiasi gani kwa mtu? Na mwenzetu mmoja ana pumu, haijamsumbua miaka, aje au abaki? Pia tumepanga kumpa filimbi mlezi, iwe moja ya kuita kundi zima.

MizaniYaMlima

Maji lita 3 kwa kila mtu mzima, na msitegemee vijito bila dawa ya kutibu maji. Mnywe kidogokidogo, mafunda manne au matano kila dakika 20, msisubiri kiu. Katika hizo tatu, lita moja iwe na chumvi na sukari: pakiti moja ya ORS, au vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha si vya kulundika. Anayetoa jasho kwa muda wa saa tisa na kunywa maji matupu tu anapunguza chumvi mwilini, anaumwa kichwa na kichefuchefu, na wenzake wanamwambia aongeze maji. Hapo wanamzidishia.

Kula kila saa, kidogo: ndizi moja, au kashata mbili, au kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa na chumvi. Chakula kizito kimoja kileleni kinalala tumboni wakati mnahitaji miguu.

Nguo: joto linashuka kama digrii 6 kwa kila mita 1,000. Moro ikiwa 27, juu ni kama 17, na wewe umelowa jasho kwenye upepo. Fulana ya pamba ikilowa haikauki kule. Jezi ya mpira wa miguu ya bei rahisi inakauka mwilini. Sweta kavu na koti la mvua vikae ndani ya begi, vivaliwe mara tu mnaposimama, kabla ya kuanza kutetemeka.

MamaWaVilima

Wa pumu amwone daktari wake kwanza, hilo si la kuamuliwa hapa. Akiruhusiwa, pampu yake ikae mfukoni mwake, isiwe kwenye begi, na watu wawili wajue iko mfuko gani. Dakika 20 za kwanza kundi zima liende polepole sana, hilo litawafaa hata wasio na pumu. Hewa ya alfajiri ni baridi, afunike pua na mdomo kwa kitambaa chepesi.

Filimbi moja haifai. Anayehitaji kuita ni aliyepotea, na aliyepotea siku zote si mlezi. Nunueni 13, za plastiki, zifungwe kwenye mkanda wa begi kifuani. Ishara ya hatari ni milio sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena. Anayejibu anapiga mitatu. Akisikia mitatu aliyepotea anaketi palepale, hatembei kufuata sauti, maana bonde linageuza sauti. Fanyeni jaribio kule Pugu, mtu mmoja ajifiche mita 300 hivi.

KichwaNgumu79

Naongeza la mwisho kwa kuwa mmenishinda kwenye mlezi. Mikono mirefu na suruali ndefu, joto au si joto. Kati ya mashamba na msitu kuna upupu. Ukikugusa usijikune na usipanguse kwa kiganja, utausambaza hadi machoni. Bandika utepe wa gundi (selotepu) juu ya ngozi, vuta, rudia na kipande kipya, kisha ndio uoshe. Begi la mfunga safu liwe na roli moja. Na simu zote ziwekwe hali ya ndegeni toka asubuhi, ramani iwe imeshapakuliwa: setilaiti inasomeka bila mtandao, na betri ndiyo itakayowapa 112 ya polisi au 114 ya zimamoto na uokoaji mkishuka hadi penye minara.